Nimevukwa na Suruali Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, leo nimevuliwa nguo. Wala si mafumbo. Suruali imeshuka mpaka kwenye vifundo vya miguu, mchana kweupe, hapa hapa mtaani kwetu Kambarage, na aliyenikuta ni mama mkwe. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani.

Wengi mnajua yaliyonipata. Nilikuwa mchimbaji kule upande wa Kharumwa. Siku moja mwamba ukanishukia ndani ya duara, shimo letu la dhahabu, ukanivunja uti wa mgongo. Nikapasuliwa, nikawekewa vyuma. Mke wangu, Mama Kulwa, ndiye aliyekuwa akinigeuza kitandani, akinilisha, akiniogesha. Mimi niliyekuwa nabeba kiroba cha mawe begani huku napiga mluzi! Sasa hata ndoo ya maji nimekatazwa. Anaibeba yeye, mimi naangalia pembeni.

Siku hizi nimeruhusiwa mazoezi mepesi. Dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali alinielekeza taratibu: tembea mahali tambarare, ukichoka pumzika, usiiname kiuno, usijipinde. Ukitaka kushuka, egemea ukuta, kunja magoti, mgongo ubaki umenyooka. "Na maumivu yakishuka mguuni, acha hapo hapo." Nayashika yote. (Sitaki kurudi kwenye kile kitanda. Lile dari nalijua tundu kwa tundu.)

Jana mama mkwe akafika kutoka kijijini. Kwetu Wasukuma mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawalali nyumba moja, kwa hiyo amefikia kwa jirani. Nilijua kilichomleta. Shemeji zangu wamekuwa wakipiga simu: dada yao bado kijana, atauguza mpaka lini, arudi nyumbani na mapacha wake. Mama ametumwa ajionee. Mke wangu hakuniambia. Nilimsikia akilia jikoni, simu ikiwa sikioni.

Basi asubuhi nikaamua kujitengeneza. Nikatoa suruali ya kitambaa ya siku ya harusi.

"Baba Kulwa, hiyo inakupwaya," mke wangu akasema. Alikuwa anatoka kwenda gengeni. "Njoo nikufunge kamba."

"Kamba? Mimi mbuzi?"

(Mkanda sivai. Unakandamiza kovu.)

"Basi nisubiri, twende wote."

"Nenda tu. Leo natembea mwenyewe."

Nikatoka. Kifua mbele, mkono mmoja mfukoni. (Mkono huo haukuwa wa madaha. Ulikuwa umeshikilia suruali.) Nilitaka nipite karibu na nyumba ya jirani, mama anione kwa mbali nikiwa nimesimama wima. Nikafika penye nyumba ambayo haijaisha kujengwa. Mwendesha bodaboda mmoja akanipita mbio.

"Baba Kulwa! Umesimama!"

Furaha iliyonipata! Nikampungia mkono.

Ule mkono.

Puu! Suruali ikawa chini. Nikabaki na bukta iliyochanika nyuma. Bodaboda huyoo, ameshatokomea. Nikatazama huku na huku, hakuna mtu. Nikaanza kuinama kidogo tu, nikasikia kitu kinavuta kiunoni. Nikaacha. Afadhali aibu kuliko kile kitanda.

Nikakumbuka ukuta. Nikaegemea tofali, nikashuka pole pole, mgongo umenyooka kama nilivyofundishwa. Shati likanasa kwenye tofali likapanda mpaka mabegani. Vidole vikaigusa suruali. Nimeipata! Hapo hapo mapaja yakaanza kutetemeka, yakakata tamaa, nikakaa tii kwenye mchanga wa kujengea. Kuinuka nikashindwa.

Ndipo nikasikia sauti nyuma ya kona.

"Mwangaluka."

Salamu yetu ya asubuhi. Mama mkwe! Amesimama, uso ameugeuzia upande mwingine, anangoja nimpishe njia kama adabu inavyotaka.

"Mwangaluka, mama. Pita tu."

"Tangulia wewe."

"Siwezi, mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi inuka."

"Siwezi kuinuka, mama."

"Kwa nini?"

"Suruali."

Kisha nikasikia ndala zake zinakuja.

"Nimefumba macho," akasema.

Akaja anapapasa hewani. Kiganja kikatua usoni mwangu.

"Hapa ni wapi?"

"Puani, mama."

Akasimama akiwaza. "Ng'wanone," akasema, yaani mwanangu, "nikifumba nitakuangusha."

Akafumbua. Akavua kitenge chake cha juu, akanifunga kiunoni kwanza. Akapiga magoti, akapitisha mikono kwapani mwangu. "Usijikunje. Sukuma kwa miguu." Nikasukuma. Nikasimama. Akanipandisha suruali kama mtoto wa chekechea, akaifunga na kile kitenge. Alipokuwa anashusha shati langu, mkono wake ukagusa kovu. Ukabaki pale.

"Ndivyo walivyokupasua?"

"Ndiyo, mama."

"Baba yake mkeo alianguka na mkokoteni wa ng'ombe. Yeye hakupasuliwa. Nilimwinua hivi hivi kila asubuhi mpaka alipokufa, na hao wanaonituma walikuwa wadogo, hawakumbuki." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Walisema nije nikuangalie."

Akamalizia kushusha shati langu.

"Haya. Nimekuangalia."

(Jamani! Ardhi ingepasuka wakati ule, ningerudi duarani kwa hiari yangu.)

Akatangulia mbele, bila kugeuka, akienda kwa mwendo wangu. Nikisimama kupumzika, anasimama. Mke wangu akatukuta mlangoni: mama yake amepungukiwa kitenge, mimi nimekivaa.

"Mume wako anatembea," mama akamwambia. "Kaka zako nitaongea nao mimi. Kaa na mumeo."

Mke wangu akaingia jikoni kwa haraka. Safari hii nilimsikia akilia, halafu nikasikia kilio kimegeuka kicheko, mpaka mapacha wakamfuata kuuliza kuna nini.

Kwa hiyo nanyi chekeni tu, siwakatazi. Ila msinipigie simu kunichekesha: mimi kucheka bado kunauma.