Twiga Anatafuta Mahali pa Kimya

Jumatatu, 4 Agosti

Shule zimefungwa, watoto wote wa mji wamehamia kwetu. Bustani ya michezo imefurika. Foleni ya bembea imefika chooni, na foleni ya chooni imefika kwenye bembea. Mimi nimo ndani ya Twiga, jasho mpaka kwenye soksi.

Twiga ni vazi. Kichwa na shingo ni kitu kimoja cha sponji, na mimi nachungulia kwenye kitobo cha kifuani. Sheria ya kazi: kichwa hakivuliwi mbele ya mtoto. Kwa hiyo saa ya chakula kila mwenye vazi hutafuta pa kujificha, avue, ale, apumue. Mwenzangu Pengwini ni mfupi, anaenea popote. Mimi je?

Na si chakula tu. Saa hiyo ndiyo ninayompigia mama. Anaumwa, yuko mbali, na dada humtoa nje barazani akishameza dawa. Ndio wakati pekee ana nguvu ya kuongea. Mama anajua mimi ni karani wa benki. Nilimwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, nikaongezea na kiti cha kuzunguka. Sasa nahitaji kimya cha benki.

Leo nimejaribu nyuma ya uzio wa jikoni. Nimevua shingo, nimeiegemeza, nimekaa chini na mkate wangu. Nimesahau shingo ni ndefu kuliko uzio. Watoto wamemwona Twiga anawachungulia, wamekuja kama nzige. Mama kauliza kelele gani hizo. Nimesema wateja. Kauliza wateja wanaimba? Nimesema wamepata mikopo.

Jumanne, 5 Agosti

Akili imechemka. Chini ya treni ya angani hakai mtu, kwa sababu ya mayowe. Lakini mimi nimechunguza: treni ikipanda, inapanda taratibu, na abiria wote kimya, wanasali. Niongee ikipanda, ninyamaze ikishuka. Nilijiona profesa.

Mama kauliza mbona naongea vipande vipande, nimebanwa na kifua? Nikaziba simu kwa mkia wa Twiga, treni ikapita, nikasema ni mafua tu. Kaniagiza nivae sweta. Yeye mwenyewe anakohoa mpaka dada anamshika mgongo, nasikia kila kitu, halafu mimi ndiye wa kuvaa sweta. Sikuweza kumaliza mkate.

Jumatano, 6 Agosti

Nyumba ya mizimu imefungwa, taa zinatengenezwa. Giza, ubaridi, na jeneza la mbao zuri la kukalia. Nimetandika leso, nimepanga ndizi zangu. Raha iliyoje. Nikampigia mama. Fundi umeme naye akaona ndio wakati wa kujaribu kile kicheko cha zimwi.

Mama kauliza nani anacheka vile. Nimesema bosi. Kasema nimwombee, mtu huyo ana matatizo. Sauti yake leo ilikuwa nyembamba, kila neno kama analiokota chini. Kaniuliza kama nimekula. Hilo haliachi, hata aumwe vipi.

Alhamisi, 7 Agosti

Chumba cha watoto waliopotea. Zulia, mlango unaofungwa, na asubuhi nzima hakuna aliyepotea. Nimeingia, nimevua kichwa, ndipo nikaona katoto kamejikunja chini ya meza kananitazama. Twiga amekatika kichwa mbele ya macho yake! Kilio chake kimewaleta wazazi haraka kuliko tangazo lolote, lakini aliyenishukuru sikumwona.

Msimamizi wetu, yule tunayemwita Madamu Filimbi, kanisimamisha juani saa nzima ya chakula akinisomea sheria. Nikirudia, nahamishiwa kusafisha vyoo. Pengwini kapita taratibu, anatafuna kitu mle ndani, nimeona mdomo unacheza.

Sikumpigia mama. Jioni dada kaandika kwamba mama alikaa na simu kifuani mpaka jua likamfikia barazani, na bado alikataa kurudishwa ndani. Nimeisoma nikiwa kwenye basi. Nikageukia dirishani watu wasinione.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo liwalo na liwe. Mwisho wa ziwa la bandia kuna banda la boti mbovu. Pengwini kalitawala tangu mwaka jana na hajamwambia mtu. Nimemfuata kwa kunyata, kama twiga anaweza kunyata. Tumegombana hasa, yeye na mbawa zake, mimi na shingo imekwama mlangoni. Kasema nikatafute amani kwingine. Nikamweleza habari za mama. Kanitazama, kachukua bakuli lake, katoka zake nje. Sikulitarajia hilo kwake.

Basi, kimya. Hata nzi hakuna. Benki yenyewe haina kimya kile. Dada kamwekea mama simu sikioni. Nikamwambia, mama, unasikia ofisi ilivyotulia leo? Kauliza watoto wako wapi leo. Nimesema watoto gani, mama, mimi sina mtoto. Kauliza tena. Dada kachukua simu, kasema amechoka.

Nadhani homa inamfanya aweweseke. Lakini kimya nimekipata hatimaye. Nimekula mkate wote.

Jumapili, 10 Agosti

Mama katutoka jana alfajiri. Nafunga mizigo. Siwezi kuandika.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumemzika. Wageni wameondoka, viti vya kuazima vimerudishwa, nyumba imebaki na mwangwi.

Dada kanivuta jikoni. Kasema mama alijua. Tangu siku za mwanzo kabisa alimuuliza, benki gani hiyo yenye watoto? Akamwambia aongeze sauti ya simu, wakawa wanasikiliza wote wawili. Wageni wakija anajisifu kwamba mwanawe anafanya kazi mahali watu wanapocheka. Hakutaka kuniumbua kwa sababu alipenda ninavyohangaika na uongo wangu. Habari ya bosi ilimchekesha mpaka wakamletea maji.

Ijumaa aliposikia kimya, akaamini nimefukuzwa kazi. Kutwa nzima, mpaka sauti inamwishia, anamuuliza dada, sasa huyu atakula nini. Hilo ndilo alilokwenda nalo.

Nimelia palepale kwenye ndoo za maji, na sikuona haya.

Dada kaniomba kitu kimoja. Saa ile ya chakula hana tena wa kumtoa barazani, anakaa tu anatazama kiti. Atanipigia yeye. Nipokee hapohapo nitakapokuwa, na kelele zangu zote, asikie na yeye. Nimemwahidi, na nilimaanisha.

Jumatatu, 18 Agosti

Kazini. Pengwini kanikumbatia, watoto wakadhani ni mchezo, wakapiga makofi.

Saa ya chakula dada kapiga. Nilikuwa katikati ya bembea, muziki juu, watoto wawili wamening'inia mkiani. Nikaona hapana. Dada yangu kafiwa, huwezi kuzungumza na mfiwa katikati ya vurugu, anahitaji utulivu. Nikakimbia na simu inaita ndani ya vazi. Banda la boti lina kufuli, kazi ya Madamu Filimbi. Nyumba ya mizimu imefunguliwa, foleni mpaka nje. Simu ikakatika. Ikaita tena, nikiwa bado nakimbia. Ikakatika.

Nimemwandikia samahani, nilikuwa kwenye kikao. Hajajibu.

Ila wakati narudi nimepaona pazuri, nyuma ya tangi la maji. Hapapiti mtu, na ukuta ni mrefu kuliko shingo. Nimeshapeleka kigoda.