Uzinduzi wa Ndaki ya Sheria ya Kishanda

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakufika ila ametuma bahasha ya udhuru nitakayoifungua mwishoni kwa mujibu wa itifaki, Mheshimiwa Diwani, Waheshimiwa Wenyeviti wa Vitongoji, mliofika na mlioko njiani, Bwana Hasmukh, mwenye duka la vitambaa Bukoba mjini, ambaye kabati hili la vioo lenye vitabu vya sheria ni mchango wake, wanakwaya mliovaa majoho, wavuvi wa Goziba mliopanda boti tangu juzi ili elimu ya juu isiwapite, Ta Clavery na Ma Clotilda, ambao ndani ya kibanja chao cha migomba tumefunga turubai hili, na binti yao Dativa, mwanafunzi namba moja wa Ndaki ya Sheria ya Kishanda: nawasalimu kwa heshima na taadhima, na ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa. (Makofi. Mbuzi wa Ma Clotilda analia.)

Ndugu wananchi, mimi Protase Mwijage, Mratibu Mkuu wa Kamati ya Mchakato wa Maandalizi ya Uanzishwaji wa Ndaki hii, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyopimika, ingawa tumejaribu kuipima, na kwa mujibu wa fizibiliti stadi tuliyoifanya kwa siku mbili na nusu pale hotelini Bukoba, imebainika kwamba kila kaya katika Muleba ina kesi moja nukta saba za mpaka wa shamba, maana yake ni kwamba wewe na jirani yako mkikaa kunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, tayari hapo kuna kesi tatu na ushee, na wakili hakuna! (Kicheko. Sauti: “Ya kwangu ina mwaka wa kumi na moja!”) Asante kwa takwimu hiyo, baba, Katibu aiandike.

Kwa hiyo Kamati, ikiongozwa na mimi, ikabuni, kwa wazo langu, Shahada ya Kwanza ya Sheria itakayotolewa hapahapa migombani, kwa mfumo shirikishi, jumuishi na endelevu, wenye vishoni, misheni na kapasiti bildingi, ambapo kijana atasoma Sheria ya Mikataba asubuhi, mchana atakula matoke ya mama yake, na jioni atasoma Sheria ya Ardhi akiwa amekalia ardhi yenyewe. Mpaka sasa tumedahili wanafunzi mia nne na kumi na wawili, ambao kati yao mmoja amefika, na hao wengine wako katika hatua za kujulikana. (Minong'ono.) Utekelezaji umefikia asilimia mia moja na kumi, na hizo kumi za ziada ni juhudi zangu binafsi.

Nije kwa Dativa. Nimearifiwa kwamba binti huyu amechaguliwa kusomea sheria katika chuo kikuu fulani cha mbali, kwamba dirisha la kuthibitisha nafasi linafungwa leo saa kumi jioni, na kwamba namba ya uthibitisho iliingia kwenye simu ya baba yake, ambayo hivi sasa imo katika mfuko wa koti la Ta Clavery. Nampongeza mzee kwa kuishikilia! Aliniambia mwenyewe kwamba kama chuo kipo nyumbani, mtoto haendi popote. Sasa ni saa tisa na robo, tunao muda wa kutosha wa kutothibitisha. Dativa atasaini hapa fomu ya mwanafunzi wa kwanza, tutapiga picha, picha itakwenda kwa mfadhili, na sote tutakuwa tumeendelea. (Makofi machache. Dativa anaichukua fomu, anaanza kuisoma.)

Binti, fomu husainiwa, haisomwi. (Dativa anafungua ukurasa wa pili. Anasimama: “Samahani, Mheshimiwa. Ndaki ina namba gani ya ithibati?”) Swali zuri sana, na litajibiwa kwa maandishi. (“Mhadhiri wa Mikataba ni nani?”) Mhadhiri wa Mikataba bado hatujaingia naye mkataba. (Kicheko kirefu.) Mnacheka nini? (“Na jengo, Mheshimiwa, liko wapi?”) Jengo, binti yangu, lisichukuliwe katika maana finyu ya kuta na bati, jengo ni dhana mtambuka. (Ma Clotilda: “Dhana inavuja mvua ikinyesha?”)

Ma Clotilda, tuheshimiane. Kuna watu wananiona mgeni hapa kwa sababu ya tai hii. Mimi ni Mhaya kamili! Nimezaliwa Muleba, nimekula senene kabla ya kuota meno, nimekua kwenye kahawa ya kutafuna, na hakuna desturi ya wazee wetu ambayo siijui au naikimbia. Hakuna hata moja! (Vifijo. Ta Clavery anainuka taratibu, anakuja mbele na kikapu kidogo cha kahawa.)

Ah. Ta Clavery. Waitu, mzee wangu, tulikubaliana salamu ni baada ya hotuba. (Ta Clavery: “Umekuja kwangu mara tatu, mwanangu, mara tatu umekataa kahawa ukasema una vidonda vya tumbo. Leo umesema desturi unazijua. Basi unajua kwamba katika nyumba hii mtu akitafuna kahawa ya mwenyeji mbele ya watu, anachosema baada ya hapo ni kweli tupu. Tafuna.”) Kweli, ipo desturi ya namna hiyo, lakini itifaki ya hafla za kitaifa… (Sauti nyingi: “Atafune! Atafune!”) Natafuna, jamani, natafuna. (Anatafuna kwa muda mrefu. Wavuvi wa Goziba wanasimama ili waone vizuri.)

Nzuri. Imekaushwa vizuri. Basi nihitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema “Ndaki,” itikieni “Mlangoni!” Ndaki! (Mbuzi analia.) Nikisema “Haki,” itikieni “Kishanda!” Haki! (Sauti moja: “Jengo!”) Siyo hiyo, lakini nashukuru kwa ushiriki.

Nimalizie na shukrani, na kwa kuwa kahawa imo mdomoni, zitakuwa za kina. Namshukuru Bwana Hasmukh kwa kabati, na kwa vitabu vyake vya sampuli za vitambaa ambavyo kwa mbali vinafanana sana na vitabu vya sheria. (Bwana Hasmukh: “Mimi nilijua ni maonyesho ya mapazia!”) Nawashukuru wanakwaya kwa kukubali kuwa wahadhiri kumi na wanne kwa siku moja. Namshukuru fundi aliyechora jengo kwenye bango lile, maana zaidi ya bango lile jengo halikuwahi kuwepo, wala kiwanja, wala kamati. Kamati ni mimi na Katibu, na Katibu ni shemeji yangu. Na nakushukuru wewe, Dativa, kwa kutosaini. Mwanangu, hakuna ndaki hapa. Haijawahi kuwepo. Nenda ukasome. (Kelele. Ta Clavery anatoa simu, anampa bintiye kwa mikono miwili. Dativa anabonyeza, anasubiri, anapiga kelele: “Imekubali! Baba, imekubali!” Vigelegele. Ta Clavery anajifuta macho na haoni haya.)

Hongera sana. Naona ni saa tisa na dakika hamsini. Kwa kweli mimi mwenyewe nimefurahi, sikutegemea, kahawa hii ina kitu. Sasa nifungue bahasha ya udhuru ya Mgeni Rasmi, kisha tukale. Inasema: “Bwana Protase Mwijage. Unatakiwa kufika ofisini kwetu, Bukoba, kuhojiwa kuhusu fedha za mfadhili, Jumatatu saa tatu asubuhi, ukiwa na ramani ya jengo, majina ya wanafunzi mia nne na kumi na wawili, pamoja na…” (Anavua miwani, anaivaa tena.) “…pamoja na wakili wako.”

Ndugu wananchi, wakili, kama nilivyosema mwanzoni na kama takwimu zilivyoonyesha, katika eneo hili hakuna. Kwa hiyo, kabla sijashuka jukwaani, namwomba Dativa, mbele ya wazazi wake na mbele ya mkutano huu, anipokee niwe mteja wake wa kwanza. Shahada ni miaka minne na Shule ya Sheria kwa Vitendo ni mmoja, jumla mitano, nami Jumatatu nitaomba kesi iahirishwe hadi hapo. (Dativa: “Nitakutetea, Mheshimiwa. Ila ukija, fomu zako nitazisoma zote.”) Asanteni kwa kunisikiliza. Ma Clotilda, hicho chakula nacho ni dhana? (Ma Clotilda: “Chakula kipo. Ndicho pekee.”)