Bunduki Imevaa Miwani, Mume Wangu Hataki

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wawindaji.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUMVUA MUME WANGU DARUBINI

Nakuandikia kwa heshima zote zinazostahili cheo chako, na nyingine kidogo nimeziongeza mwenyewe, kwa sababu najua utazihitaji ukifika katikati ya barua hii. Mimi ni fundi wa nguo, mke wa mweka hazina wako. Tulionana kwenye karamu ya chama mwaka jana. Ulinipa mkono, ukanikazia macho, ukaniita "mzee mwenzangu". Nilikuwa nimevaa gauni la maua. Nilidhani ni utani wa wakubwa. Sasa nimeelewa kwamba haukuwa utani. Kutoona ndiyo sifa ya kujiunga na chama chenu.

Nieleze shida yenyewe. Mume wangu hajawahi kuona mbali vizuri, na siku hizi hata karibu kumeingia ukungu. Daktari wa macho alimwandikia miwani. Akainunua, akaitia kwenye droo chini ya soksi, kwa maelezo kwamba miwani ni ya wazee. Kisha akanunua darubini ya bunduki, nene kama chupa ya chai, akaifunga juu ya bunduki. Yaani bunduki imevaa miwani, mwenye bunduki hataki, na wenzake wote wakampa mkono wa pongezi. Mwezi huu ataleta kwako karatasi yake ya ruhusa ya msimu mpya uitie sahihi. Nakuomba usiitie. Sababu nimezipanga kwa namba ili usipotee njia, maana nasikia mkiwa porini huwa mnapotea.

1. Darubini imehamia nyumbani. Bunduki imefungiwa kabatini kama sheria inavyotaka, kwa hilo sina neno. Ila darubini ameifungua, anatembea nayo shingoni kwa kamba. Kifaa hicho kimetengenezwa kutazama mnyama aliye mbali. Kilicho karibu kinaonekana kama uji. Kwa hiyo mgeni akipiga hodi, mume wangu hamkaribishi. Anatoka mbio hadi kwenye uzio wa nyuma, anageuka, anamtazama vizuri, halafu anapaza sauti kutoka kule: "Aa, kumbe ni shemeji! Karibuni, karibuni!" Kaka yangu alikuja na mkewe kutujulia hali, wakamwona mwenye nyumba anatimua mbio. Hawajarudi tena, wala siwalaumu. Gazeti nalo hulibana kwa vibanio vya nguo kwenye mlango wa jikoni, akaenda kulisoma akiwa mwisho wa ua. Ukipita katikati unaambiwa umefunika habari za michezo.

2. Soseji. Kila Jumamosi jikoni kwangu hukutana wanaume watatu: mume wangu, yule fundi bomba mnayemwita Fundi Maji, na Mwalimu mstaafu. Wanasaga nyama ya swala, wanaijaza kwenye utumbo uliosafishwa, wanaita soseji ya nyumbani. Utumbo wanaufunga kwa uzi wangu mzuri wa kushonea suti. Urefu wanaupima kwa futi yangu ya kupimia wateja, na bibi harusi mmoja aliniuliza kwa adabu kwa nini kiuno chake kinanuka kitunguu saumu. Haya yote ningeyavumilia. Lakini watu hawa hawasomi kilichoandikwa kwenye kopo. Mwezi uliopita walichukua wanga wangu wa kukazia kola za mashati wakaumimina kwenye nyama wakidhani ni unga wa viungo. Soseji zile zilipokaangwa zikasimama wima sahanini. Wakazionja, wakatazamana, wakasema safari hii zimeshikana. Mbili zilikufikia wewe, Mwenyekiti, na nimesikia uliomba ufundishwe namna ya kuzitengeneza. Namna ni hiyo.

3. Mazungumzo yao. Mimi nakaa chumba cha pili na cherehani yangu, mlango uko wazi, na masikio yangu hayana ukungu. Watabishana mpaka mate yawakauke kuhusu mafuta yawe kiasi gani, kwa kuwa swala ni mkavu, halafu bila kupumua wanahamia kwenye macho. Fundi Maji, ambaye kazi yake ni kutafuta bomba linalovuja na hulipata kwa kulikanyaga, anasifia kile kidoti chekundu kinachowaka ndani ya kioo: "Ukishakiona kidoti, ndugu yangu, huna haja ya kuona kitu kingine." Mwalimu yeye anaapa kwamba macho yake ni mazima kabisa, ila wanyama wa siku hizi wamefifia. Nilisubiri wacheke. Walikubaliana naye, wakalaumu malisho.

4. Uwindaji wenyewe. Msimu uliopita walikinyemelea kichuguu asubuhi nzima, wakakipiga, wakapongezana, wakapiga picha. Picha ninayo: wanaume watatu wenye akili zao wameweka mguu juu ya udongo. Yule swala wanayemsaga jikoni kwangu walipewa na askari wa wanyamapori. Nadhani aliwahurumia, au alitaka warudi makwao kabla hawajampiga yeye.

5. Mimi. Namba hii nilikusudia kuiacha, lakini kalamu imegoma. Ndani ya nyumba yangu mimi ni kivuli chenye sauti. Nimesuka nywele, hakuona. Nimejishonea gauni la rangi ya machungwa ambalo hata mpita njia aligeuka kulitazama, nikapita nalo mbele ya mume wangu, nikarudi, nikapita tena. Akaniomba nimpishe kidogo. Lakini swala anamjua! Swala ana kope ndefu, swala ana doa jeupe chini ya shingo, swala akisikiliza huinua sikio moja kwanza. Haya nayasikia mezani kila tunapokula. Mimi pia nina kope, Mwenyekiti. Nimeumia, na sioni haya kuliandika hilo kwa mtu aliyeniita mzee mwenzake.

Baada ya kufikiri sana, naomba yafuatayo. Kwanza chama kipitishe sharti kwamba mwanachama avae miwani puani kabla ya kuivisha bunduki. Mkishindwa, basi haki itendeke. Kama kinachoona ni darubini, karatasi ya ruhusa iandikwe jina la darubini, na mume wangu atajwe hapo chini kama mbebaji. Kazi ya uweka hazina nayo ipewe darubini, kwani hesabu za chama anazisoma kutoka kwenye uzio. Na kwa kuwa mambo ni hayo, cheti chetu cha ndoa nacho kirekebishwe kisomeke kwamba nimeolewa na kioo, na kwamba mwanamume anayelala upande wa ukutani ni mwangalizi wa kioo hicho. Sidhani kama naomba makuu. Naomba tu maandishi yafanane na maisha.

Kama vyote hivyo ni vigumu, mnyang'anye darubini, umrudishie soksi zake na kilicho chini ya soksi.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, umwambie niko upande wake hata kabla hajanieleza shida. Wasalimie Fundi Maji na Mwalimu, ingawa najua watauliza salamu zimetoka kwa nani. Askari wa wanyamapori msalimie sana, na umwombe awe anavaa nguo za rangi kali.

Ni mimi, mwenye unyenyekevu unaoelekea kuisha,

Mke wa Mweka Hazina
(fundi wa nguo, mwanamke)

Tanbihi: Mwenyekiti, tafadhali karatasi yake itie sahihi. Namba zote zifute isipokuwa ya pili. Soseji zile ni mbaya, na kwa hilo sibadiliki. Ndiyo sababu barua naituma hivyo hivyo.

Nilipomaliza kuandika nilitoka kwenda dukani kununua bahasha. Duka liko mwisho wa barabara yetu. Niliporudi nikamkuta mume wangu amesimama getini, darubini jichoni. Nikayapanga maneno yangu. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Mama watoto, mguu wa kushoto una nini? Tangu ulipotoka hapa unachechemea. Kwenye nguzo ya umeme umesimama, umeshika paja, ukajifanya unaangalia dirisha la watu."

Mguu huo unaniuma tangu mvua zilizopita, kwa kukanyaga cherehani. Sikumwambia mtu. Wateja wanaingia na kutoka kila siku, hawakuona. Watoto wetu wakubwa walikuja wakala wakaondoka, hawakuona. Yule daktari niliyempeleka mume wangu kwake alinitazama nikipanda ngazi zake zote, akanitakia siku njema, na kuona ndiyo kazi yake.

Nikamjibu kwamba ni kiatu tu, kinabana. Hakukubali. Akasema, "Hebu kivue. Nenda tena mpaka kwenye nguzo, nikutazame vizuri."

Barabara ilikuwa imejaa watu, Mwenyekiti, na mimi ni mtu mzima mwenye heshima zangu. Nikakivua kiatu, nikampa akishike, nikaenda mpaka kwenye nguzo, na wala sikuharakisha.