Vigelegele Katikati ya Mahojiano ya PhD

Jamani, leo nimeaibika mpaka masikio yakawaka moto.

Mnajua nimekuwa nikitafuta pesa za serikali za utafiti wa PhD. Wanaochunguza dawa husikilizwa haraka. Sisi wa sosholojia huulizwa kwanza kama hiyo ni kazi. Leo ndiyo ilikuwa zamu yangu ya kuhojiwa, kwa video. Huko Mwiki ninakopanga, jirani wa juu hucheza muziki kutwa, kwa hivyo nikakimbilia kwa Mama, kijijini Ngoliba, nipate utulivu. (Utulivu! Ngojeni.)

Nilianza vizuri. Mwenyekiti wa jopo, mzee mmoja mwenye miwani, akaniuliza, "Umma ulipie utafiti huu kwa nini?"

Nikamweleza. Nilipokuwa mdogo, mtoto wa mtu akifaulu mtihani, kina mama walifika kwao bila kualikwa, wakiimba, wamebeba maziwa na ndizi. Chai ilipikwa kwa sufuria ya harusi, na sisi watoto tulicheza nao mpaka giza. Nimeyakosa sana hayo. Nikamalizia kwa ujasiri, "Desturi hiyo imekufa kabisa, Thika na Ruiru kote. Nataka kuchunguza ilivyokufa."

"Ariririririti!"

Vigelegele vikalia nje, mlango ukafunguka. Kina mama wa kanisa wakaingia wakiimba, mmoja akanikabidhi jogoo. (Nilikuwa nimemwambia Mama kwamba serikali inataka kuongea nami kuhusu pesa za masomo. Yeye akaona tayari nimepewa, akaambia kanisa lote.)

"Mama, bado! Ni interview tu!"

"Kumbe hawa kwa kompyuta ndio wageni wa serikali? Wasalimie watu basi!"

Na kwetu mgeni hakatai kusalimia watu. Jopo zima la maprofesa likajitambulisha, mmoja mmoja, jina na anakotoka, huku likipigiwa makofi.

Walipomaliza, mwenyekiti akavua miwani. "Dada, desturi iliyokufa ndiyo hii?"

Nikamsukuma jogoo chini ya meza. Akawika.

"Sasa tukikupa pesa za umma, utachunguza nini?"

Mama akainama mbele ya kompyuta. "Atatuchunguza sisi. Tuko."

Wakacheka wote, hata mwenyekiti. Majibu yatatoka baadaye. Lakini wakininyima, nani ataenda kuwaambia wale kina mama waje wachukue vigelegele vyao?