Mafiga Matatu Ndani ya Kamiyo

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa saba 1956. Lweba

Isidore ametia samaki watatu wa ndagala ndani ya kiatu cha baba yake, sasa hivi, na anajipigia makofi. Nimembusu kwanza, halafu nimetoa ndagala. Mama mukwe ameona. Amesema kwake watoto wanachapwa. Kwake! Kila siku kwake! Tuko watu kumi na mmoja chini ya paa moja, na mwenye makosa yote ni mutoto wangu wa miezi kumi na minne.

Nimekasirika mpaka masikio yana moto. Kwa hiyo nimepanga.

Kesho mume wangu Nicolas anapeleka kamiyo, lile lori analoendesha, Kilembwe kuchukua pamba. Anasema njia nzima ni majumba matupu: wachuuzi wamehamia Usumbura, vijiji vingine serikali imevihamisha. Na huku kwetu nyumba iliyoachwa haiombwi kwa barua. Unapanga mafiga, unawasha moto, unapika. Kapita, msimamizi wa kijiji, akija akikuta moto unawaka, anauliza ni wa nani, na nyumba inakuwa ya mwenye moto. Basi.

Nimepakia mafiga yangu matatu. Kabla ya mvua nitakuwa na mlango wangu mwenyewe, na nitaufunga.

Georgette, dada ya Nicolas, amesema naye anakuja, eti kunisaidia kubeba mutoto. Huyo hajawahi kubeba mutoto wala ndoo. Anabeba cherehani yake tu. Anatafuta nyumba ya kushonea, mwongo yule!

Jumanne, tarehe 3. Baraka

Duka la zamani, karibu na soko. Matofali! Nusu ya mabati bado iko juu. Mlango hakuna, lakini mahali pa mlango papo. Nilikwisha kuchagua pembe ya kitanda.

Nimepanga mafiga. Kiberiti: Isidore amekinyonya chote njiani. Vijiti vimekuwa uji. Maskini, alikuwa na njaa. Nikaenda kwa jirani, Mama Kulthumu, kuomba kaa la moto. Mama mpole, akanipa makaa mawili juu ya kigae. Nikapika bugali na sombe ya majani ya muhogo. Moshi ulipanda vizuri, niliuangalia kama mutoto anayeanza kutembea.

Kapita Waziri akaja. Akakaa, akala, akasifu sombe. Kisha akauliza moto umetoka wapi. Mimi, mjinga, nikasema kweli: kwa Mama Kulthumu. Akapangusa vidole polepole. Akasema basi huu ni moto wa Kulthumu uliotoka kutembea tu, na nyumba ni ya Kulthumu.

Mama Kulthumu ameshukuru sana. Ataweka mbuzi.

Mbuzi! Ndani ya pembe ya kitanda changu! Georgette amecheka mpaka kitambaa cha kichwa kimeanguka. Ameniuliza kama kesho nitamwombea na mbwa nyumba.

Jumatano, tarehe 4. Njia ya kupanda Fizi

Leo kiberiti kipya, nimekificha ndani ya nguo, kifuani. Hakuna wa kuomba, hakuna wa kushukuru.

Tumekuta gîte ya zamani, ile nyumba ambamo wazungu wa serikali walikuwa wanalala safarini. Wamejengewa mpya mbele, hii imebaki na majani yake. Vyumba viwili na baraza. Nimewasha mwenyewe, kwa mkono wangu. Nimetia kuni mbichi ili kapita aone moshi kutoka mbali.

Kumbe paa limejaa nyuki.

Nimefunika Isidore na kanga nikakimbia. Nicolas amekimbia mbele yetu, dereva mzima, akajifungia ndani ya kamiyo akakataa kufungua! Georgette wamemuuma mdomo wa juu. Mungu anisamehe, ndiyo saa pekee niliyofurahi leo.

Kapita wa hapo akafika, nikamwambia moto ni wangu, wangu kabisa. Akasema ameona. Akasema miaka miwili wanatafuta mtu wa kufukuza wale nyuki. Sasa wataweka humo pamba ya kijiji. Akanipa asali ndani ya kibuyu.

Sikumwambia asante. Asali nimeichukua.

Ijumaa, tarehe 6. Kabla ya Kilembwe

Gurudumu limepasuka mbele ya kijiji kilichohamishwa. Hakuna mtu hata mmoja. Majani mpaka kiunoni. Na katikati, nyumba ya katekista wa zamani: mabati mazima, madirisha, MLANGO. Nimeufungua na kuufunga mara sita. Isidore amekaa kizingitini kama bwana mkubwa. Nimelia kidogo.

Nimewasha moto. Nimepika. Hakuna aliyekuja. Georgette akasema kapita wa hapa ni mjusi, nimkaribishe bugali. Kweli, kapita yuko kijiji kipya, mwendo wa saa mbili. Niuache moto, utazimika. Nikae, nani atamwita?

Georgette akasema ataenda yeye. Kwa miguu! Na mdomo umevimba! Nikaona aibu kwa yote niliyoandika juu yake. Nikampa chakula chote na asali yote.

Amerudi na kapita, mzee Casimir. Mzee akanisalimia vizuri, akasema ameambiwa mimi ni yaya mwaminifu, nimechunga moto wa Mademoiselle Georgette.

YAYA! Nimepiga kelele. Isidore amepiga kelele. Mzee akasema yaya wa siku hizi wana midomo, akamwonyesha Georgette shamba. Nikamwita Nicolas aseme. Nicolas, chini ya kamiyo, akasema gurudumu ni gumu sana.

Baadaye Georgette akanifariji: tutakaa naye wote. Atamleta na mama yake kutoka Lweba, na wale wengine. Nimehesabu. Kumi na mmoja.

Jumapili, tarehe 8. Kilembwe, baada ya misa

Siku mbili sijasema na mtu isipokuwa Isidore. Nimempa Nicolas chai bila sukari.

Lakini leo nje ya kanisa nimesikia habari. Mbele kidogo kuna boloko ya zamani, gereza zima, limeachwa! Vyumba sita, mlango wa chuma. Nani atanitoa huko? Isidore atapata chumba kizima cha kukimbia-kimbia tu. Nicolas anakubali kwenda kabla ya kupakia pamba. Angekataa angeona!

Na Georgette amekuja kuomba radhi. Amelia. Amembeba Isidore tangu asubuhi, yeye mwenyewe, bila kuambiwa. Moyo wangu si jiwe, nimemsamehe. Na sasa nimejua kosa lilikuwa wapi: anayemfuata kapita ndiye anayemwambia maneno. Kwa hiyo leo mimi ndiye nitakwenda kumwita kapita, na Georgette atabaki boloko kuwasha moto na kuuchunga. Nimemweleza mpango wote. Amesema nina akili kuliko watu wote wa Lweba. Kweli, tangu shuleni masista walikuwa wanasema...

Georgette ananiita, tayari amekaa mbele karibu na dereva, anasema nikimbie, mafiga amekwisha kupakia, imebaki tu nimletee kiberiti.