Sentimita Ishirini za Ushindi

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa maabara katangaza: atakayerusha kidonge cha chuma kwa kasi kubwa kuliko wote hadi Alhamisi ndiye msimamizi mpya wa mtambo. Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, ana kilomita sita kwa sekunde. Mimi tano nukta nane. Tatizo: mama mkwe nilishamwambia cheo nimepata. Tangu jana! Kiherehere changu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa! Kidonge kikitoka mtutuni huingia chemba yenye vihisi viwili vilivyoachana mita moja. Kompyuta inapima muda, inatoa kasi. Kihisi cha pili kikisogezwa sentimita ishirini kuelekea cha kwanza, nani atajua? Kompyuta haina macho, itahesabu mita moja ileile. Wenzangu walipokwenda kula nimelegeza boliti kwa spana yangu, nimesogeza, nimekaza. Akili ninazo, basi tu watu hawasemi.

Jumatano, 5 Machi
Saba nukta mbili tano! Makofi. Miwani kanipa mkono, eti hongera kaka, umetisha. Mkono wenyewe wa baridi. Nimempigia mama mkwe; kasema kumbe binti yake hakupotea njia. Machozi yamenitoka, na sioni aibu kuandika.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Nilisahau kurudisha kihisi mahali pake. Zamu ya Miwani: saba nukta tano. Makofi zaidi ya yangu. Najua fika ni uongo, lakini nitasemaje nimejuaje? Nikapiga makofi na wengine. Nimeibiwa wizi wangu mwenyewe!

Ijumaa, 7 Machi
Miwani si binadamu. Kaenda mwenyewe kwa Mkuu, eti namba yake haiamini, ifutwe. Wakafungua chemba, wakapima kwa rula. Sentimita themanini. Nikasema labda ni mtetemo. Mkuu akauliza ni mtetemo gani unaojua kukaza boliti, tena ukasahau spana yenye jina langu humo ndani. Miwani ndiye msimamizi. Mimi nasugua mtutu miezi mitatu, na spana nimenyang'anywa. Imeniuma sana.

Jumatatu, 10 Machi
Mama mkwe anakuja keshokutwa na dada zake wawili, kuiona ofisi ya msimamizi. Mke wangu kanisihi nimwambie mama yake ukweli leo hii. Nikamwahidi nitafikiria.
Nimefikiria. Kibao cha "Msimamizi" kwenye mlango wa Miwani kimeshikwa na skrubu mbili tu. Na bisibisi yangu hakuna aliyeiulizia.