Plagi ya Tatu na Safari ya Mkwe

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mkwe, mama wa mke wangu, yupo. Alifika jana kutoka Magu na begi dogo na kuku mmoja. Jumapili nampeleka kuliona daraja la Busisi. Ujana wake wote aliuza samaki wa kukaanga pale kivukoni, kwenye foleni ya magari yanayosubiri feri. Foleni hiyo ndiyo iliyomsomesha mke wangu Teodora. Sasa macho yake yanaingia ukungu. Amesema anataka kuvuka mara moja kwa gari, bila kusubiri, kabla hajafikia wakati wa kusimuliwa tu.

Hakuniambia mimi. Mkwe hasemi nami moja kwa moja, wala jina langu halitamki. Ndiyo heshima yetu. Nilisikia nikiwa nyuma ya pazia, ambako huwa nakaa kwa heshima hiyohiyo.

Gari langu limekuwa likikohoa. Nimenunua plagi mpya nne za injini, nimezifunga mwenyewe uani. Jirani Owuor, fundi wa injini za boti pale Mwaloni, alichungulia juu ya ukuta. Akauliza kama nina spana ya kupimia nguvu. Yeye anayo. Ina namba kwenye mpini, ukifika kiasi chake inasema ka. Anaiviringisha kwenye kitambaa cheupe kama kichanga. Nikamjibu kwamba nimepima pamba ya watu Magu miaka mingi. Mkono wangu ni mizani. Akasema pamba haina meno ya kukatika.

Wivu tu. Nilikaza hasa. Plagi ya tatu iligoma, nikaongeza nguvu, halafu ikalainika ghafla. Imekubali.

Jumanne, 9 Septemba

Safari ya majaribio, mpaka Bwiru. Teodora mbele, mkwe nyuma na khanga usoni. Kioo cha ndani nilikigeuza kikatazama paa, nisije nikakutana naye macho kwa macho. Shingo ilinikaza kama mtu aliyelalia upande.

Kwenye mlima, paa! Kitu kilipiga boneti kwa ndani. Mkwe akalia kwa nguvu, "Josephati!"

Tangu nimwoe binti yake hajawahi kulitaja jina langu. Alijifunika khanga mpaka magotini. Injini ikawa inapumua kama mashine ya kukoboa mpunga. Nilisema ni jiwe. Teodora akauliza ni jiwe gani linaloishi ndani ya boneti.

Tulisukumwa mpaka nyumbani. Plagi ya tatu nimeikuta inaning'inia kwenye waya wake, imejaa unga unaong'aa kama fedha. Unga huo ni meno ya tundu lake yaliyokatika. Kwa hiyo haikuwa imekubali.

Jumatano, 10 Septemba

Mpango. Gundi ya chuma ndani ya tundu, utepe wa mabomba kwenye plagi, halafu jua la siku nzima. Hakuna atakayejua. Teodora nimemwambia gari limechoka, linapumzika.

Mkwe hakula mchana. Ana aibu ya lile jina. Alimtuma Teodora aniulize kama niliumia. Nikamtuma Teodora arudi akamwambie kwamba sikuumia, na kwamba jina langu lilisikika vizuri mdomoni mwake. Teodora akagoma, akasema hayo tukaongee wenyewe. Ndicho kitu pekee tusichoweza kufanya.

Nilikula vibaya na mimi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimefikiri. Gundi ikishirikiana na ile spana ya Owuor, itashika. Lakini kuomba siombi. Mtu aliniambia pamba haina meno.

Nikamtuma Teodora akaazime, aseme ni ya kukazia kitanda. Alirudi mikono mitupu. Owuor amesema kifaa kile si cha vitanda, ila kama kitanda chetu kimefikia kuhitaji kifaa kile, anatupa hongera. Mke wake alicheka mpaka akakaa chini. Teodora hasemi nami tangu saa hiyo. Sasa humu ndani wanawake wote wawili wananiheshimu.

Ijumaa, 12 Septemba

Gundi imekauka, ngumu kama jiwe la Bismarck pale ziwani. Nikafungua boneti, nikawasha. Injini ikaimba vizuri. Niliita watu waje kuona, na hilo ndilo lilikuwa kosa.

Plagi ilichomoka na waya ukabaki. Ikapanda, ikavuka ukuta, ikatua uani kwa Owuor katikati ya dagaa walioanikwa. Bata wake walipiga kelele kwa muda mrefu.

Hodi getini. Owuor, na plagi yangu kiganjani. Akasema amepata mgeni, hajui ni wa ukoo gani. Nilingoja acheke. Hakucheka. Aliingiza kidole kwenye tundu, akakitoa, akatikisa kichwa kama daktari. Akauliza ni nani anasafiri. Nikamweleza: mkwe, samaki wa kivukoni, macho, Jumapili. Nikamwambia naogopa. Mwaka kesho huenda akavuka daraja na asilione.

Owuor alivua kofia. Akasema mama wa mtu hasafiri kwa gundi.

Jumamosi, 13 Septemba

Owuor alikuja baada ya chai. Aliipaka keke yake ya kuchongea meno grisi ili unga wa chuma unase humo, usidondokee ndani ya injini. Akachonga meno mapya, mapana zaidi, akaingiza bushi ya chuma, kipete chenye meno ndani. Plagi akaianza kwa vidole, polepole, ikateremka yenyewe. Kisha akafungua kile kitambaa cheupe.

Akanipa mimi. Nikashika mpini, nikavuta kidogo tu, hata jasho halijatoka. Ka. Nikasema imekosea. Akasema inapolia ka, umemaliza. Si ka na ziada. Alinikazisha plagi zote nne, moja moja, na kila mara akanishika mkono nisiendelee.

Kabla ya kuiviringisha tena spana yake aliirudisha kwenye namba ya chini kabisa, ili springi ilale. Teodora alimpa Owuor yule kuku wa mkwe. Kumbe kuku alikuwa zawadi yangu kutoka kwa mkwe.

Jumapili, 14 Septemba

Tulitoka baada ya misa. Usagara, Kigongo, na injini haikukohoa hata mara moja. Mimi shingo mbele, kioo kinatazama paa.

Darajani mkwe aliomba kioo cha dirisha kishushwe. Upepo ukaingia, khanga ikamteleza usoni. Alimwuliza Teodora jiko lake lilikuwa wapi. Teodora akamwonyesha ng'ambo, pale palipo na miti. Mkwe akasema haoni miti, lakini maji anayaona, na mwanga wake anaujua. Akasema kumbe ni padogo hivi. Miaka yote ile alidhani ni mbali.

Kisha, taratibu, bila kushtushwa na kitu chochote: "Josephati, punguza mwendo mwanangu."

Nikapunguza. Gari la nyuma likapiga honi, sikulijali. Nililia. Juu ya maji hakuna vumbi la kusingizia.

Tulipofika Busisi alisema wabeja, neno la Kisukuma la asante. Alilisemea dirisha, lakini nilijua ni langu.

Jumatatu, 15 Septemba

Asubuhi Teodora ameleta ujumbe kutoka chumbani. Mkwe hataki basi la kurudi Magu. Anataka arudishwe na gari lile lisilokohoa, na aendeshe yule aliyepunguza mwendo. Tunaondoka mchana.

Moyo umenijaa. Nimetoka uani, nikafungua boneti, nikaziangalia zile plagi. Zimekazwa kwa ka moja tu. Owuor ni mtu mwema na ninampenda, niliamua hivyo jana. Lakini yeye anafungia boti. Hajawahi kumbeba mama aliyemwita jina lake.

Nimechukua spana yangu ya zamani. Nimeongeza kidogo kwenye kila plagi, kwa mkono, kwa mapenzi. Ya pili iligoma, nikabembeleza, halafu ikalainika ghafla.

Imekubali.